Mapromota wakikabana, bondia ndiye huumia

WAKAZI wa Bomeni mjini Taveta wanaishi mahali pazuri pa kuufuatilia mchezo wa ndondi. Upande mmoja ipo barabara inayokwenda Voi na kuendelea hadi Nairobi. Upande wa pili, mwendo mfupi tu, ni Holili na barabara ya Moshi. Huku mchezo huu huitwa ndondi, ng'ambo huitwa ngumi au masumbwi. Bondia wa Kenya anapokutana na wa Tanzania, shabiki wa mpakani hana budi kuchagua upande.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 14, 2023, Karim Mandonga wa Tanzania alipokuja Nairobi kupambana na Daniel Wanyonyi katika jumba la KICC. Mandonga, ambaye hujiita "Mtu Kazi", alikuwa amejaza magazeti na redio za nchi zote mbili kwa majigambo na kwa majina ya ajabu aliyoyapa makonde yake, likiwemo "Sugunyo". Alishinda. Julai 22 mwaka huo huo walirudiana, na safari hiyo Wanyonyi akalipiza kisasi.

Hadi hapo ni habari ya kawaida ya michezo. Lakini siku saba tu baadaye, Julai 29, Mandonga alipanda tena ulingoni huko Mwanza, akapigwa na Moses Golola wa Uganda. Mapambano mawili katika wiki moja! Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania (TPBRC) ililazimika kumsimamisha ili achunguzwe afya yake.

Swali ambalo kila mzazi na kila kijana anayependa mchezo huu anapaswa kujiuliza ni hili: nani humchagulia bondia mpinzani, na kwa faida ya nani?

Hakuna ratiba

Katika kandanda ipo ligi, na ligi ina ratiba. Gor Mahia haiwezi kukataa kucheza na AFC Leopards kwa sababu wenyeviti wao hawasalimiani. Katika ndondi za kulipwa hakuna ratiba. Pambano ni biashara, na mwenye biashara ni promota. Yeye ndiye hukodi ukumbi, huomba kibali, hutafuta televisheni na wafadhili, na huwalipa mabondia wote wawili. Akipata hasara ni yake, na faida vilevile.

Meneja ni mtu mwingine. Kazi yake ni kumtetea bondia: kumtafutia malipo mazuri na kumkinga asipambanishwe na mtu asiyemweza bado. Kwa hiyo promota na meneja wanapaswa kuvutana kama mnunuzi na muuzaji sokoni. Taabu huanza pale mtu mmoja anapovaa kofia zote mbili. Muuzaji akiwa pia ndiye mnunuzi, bei itakuwa ya nani?

Huko Marekani jambo hili lilizua malalamiko mengi hata ikatungwa sheria mwaka 2000, ikapewa jina la Muhammad Ali. Sheria hiyo ilikataza meneja wa bondia kuwa na maslahi katika biashara ya promota, na ikamlazimu promota kumfichulia bondia mapato anayopata kutokana na pambano lake.

Fahali wawili

Promota humfunga bondia kwa mkataba wa miaka kadhaa. Bondia wawili bora wakiwa chini ya mapromota wawili wasioelewana, mashabiki watangoja sana. Don King na Bob Arum walizozana kwa miaka mingi, na kila mmoja alipenda wapiganaji wake wakutane wao kwa wao ili fedha zisitoke nyumbani.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Floyd Mayweather na Manny Pacquiao. Mazungumzo yao yalivunjika tangu mwaka wa 2009 kwa mzozo wa upimaji wa damu na uhasama wa kambi zao, na baadaye kila mmoja akawa na televisheni yake. Walikutana Mei 2, 2015, Mayweather akiwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Zaidi ya nyumba milioni 4 za Marekani zililipia kutazama. Walioona walilalamika kwamba chakula kimeletwa kimepoa.

Na vyeo vya mabondia je? Vyama vinne vikubwa, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, hutoa orodha ya nani ni wa kwanza na nani wa pili. Bingwa hutakiwa kupambana na mpinzani wa lazima, na kambi zikishindwa kuelewana hufanyika mnada: promota atakayetaja kitita kikubwa ndiye huandaa. Lakini orodha hizo nazo zimewahi kunuka. Mwaka wa 2000, aliyekuwa rais wa IBF, Bob Lee, alipatikana na hatia ya makosa ya fedha katika mahakama ya Marekani, na Bob Arum mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kulipa dola 100,000 ili pambano la George Foreman na Axel Schulz mwaka wa 1995 liidhinishwe.

Afrika haikusalimika

Pambano maarufu kuliko yote barani, la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, lilizaliwa kwa ujanja wa promota. Don King aliwaahidi wote wawili dola milioni 5 kila mmoja, fedha ambazo hakuwa nazo. Serikali ya Mobutu ya Zaire ndiyo iliyobeba mzigo. Oktoba 30, 1974, wapiganaji waliingia ulingoni kabla ya mapambazuko, si kwa sababu Wakongo hupenda kukesha, bali kwa sababu saa hizo Wamarekani walikuwa macho.

Wapiganaji wa kwetu nao walilazimika kwenda waliko mapromota. Philip Waruinge, aliyetwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Munich 1972, alikwenda Japani akapewa hata jina jipya, Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alipelekwa Panama kupigania taji la WBC dhidi ya Rigoberto Riasco, Mpanama, akashindwa. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka wa 1978, aliingia ngumi za kulipwa Denmark, kambi ile ile ya Mogens Palle iliyomkuza Ayub Kalule wa Uganda. Kalule alikuwa bingwa wa WBA tangu 1979, lakini Juni 1981 ilibidi amfuate Sugar Ray Leonard hadi Houston, na huko akapoteza taji. Bingwa alikuwa Mganda, lakini mwenye jina la kuuza tikiti alikuwa Mmarekani.

Fatuma Zarika anaijua tofauti ya nyumbani na ugenini. Alikwenda Marekani mwaka wa 2016 akamnyang'anya Alicia Ashley taji la WBC. Alilitetea Nairobi, na miongoni mwa aliowashinda hapo ni Yamileth Mercado wa Mexico mwaka wa 2018. Mwaka uliofuata wakarudiana Mexico, nyumbani kwa Mercado, na taji likabaki huko.

Wakati mwingine hesabu ya mwandaaji hukataa. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham, Uingereza, kwa taarifa ya muda mfupi ili Sam Eggington apate ushindi mbele ya watu wake. Mwakinyo alimmaliza katika raundi ya pili. Hata hivyo umaarufu haukumwepusha na mivutano. Mwaka wa 2023 TPBRC ilimfungia baada ya mzozo na waandaaji wa pambano ambalo alikataa kupigana Dar es Salaam. Januari 2024 alionekana akipigana Zanzibar, visiwa ambako ngumi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1964 na marufuku hiyo kuondolewa miaka ya karibuni.

Somo la Wangila

Haya yangekuwa mambo ya fedha tu kama mchezo wenyewe ungekuwa wa karata. Robert Wangila aliitia Kenya fahari mwaka wa 1988 alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul, akimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali. Alihamia Marekani kutafuta riziki ya ngumi za kulipwa. Dhahabu haikumfungulia mlango wa taji la dunia. Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales, na refa akasimamisha pambano katika raundi za mwisho. Wangila alilalamika kwamba angeweza kuendelea. Baadaye alizirai, na siku mbili baada ya pambano akafariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26.

Kisa hiki kinatukumbusha kwamba bondia, kwa moyo wake, daima atasema anaweza kuendelea. Ndiyo maana haifai yeye kuachwa peke yake na mtu ambaye faida yake ni pambano lifanyike.

Kijana wa Bomeni, wa Voi au wa Kariobangi anayetaka kuingia ndondi za kulipwa na ajiulize mambo machache kabla ya kutia sahihi. Je, meneja wangu ndiye pia promota wangu? Mkataba ni wa muda gani, na nani anaweza kuuvunja? Nani atalipa daktari nikiumia, na daktari huyo atakuwa kando ya ulingo siku yenyewe? Mpinzani wangu ana uzani gani, amepigana mara ngapi, na mimi nimepumzika kwa muda gani tangu pambano la mwisho? Na kama pambano liko ng'ambo ya mpaka, je, kamisheni za pande zote mbili zina habari?

Wazazi nao wasione haya kuomba kuusoma mkataba, na kama lugha ni ngumu wautafutie mtu wa kuwasomea. Promota mwema hatakasirika. Atakayekasirika amejibu swali tayari.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika ndondi, nyasi ndiye yule aliyevaa glavu.