Miaka 18 ya Kusema na Miaka 18 ya Kadi

Tangazo la mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, likitoka katika Kata ya Msangano, wilayani Momba, zahanati hupata wageni wasio wagonjwa. Ni vijana waliokuja kujaziwa fomu ya uchunguzi wa afya, na wengi wao hupimwa na kuondoka bila tatizo. Mwenye kumpa mhudumu kazi ni yule ambaye sauti yake haijatulia, ndevu hazijaota, cheti cha kuzaliwa hana, naye anashikilia kwamba ametimiza miaka 18.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi zisiandikishe mtoto jeshini. Kwamba kijana amekuja kwa hiari yake, hata kwa furaha, hakumwongezei umri.

Mwili nao una hoja yake. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya kijana anayekua kuna gegedu laini linalorefusha mfupa, na hapo ndipo penye udhaifu kuliko mfupa ulio jirani. Mbio za alfajiri, kwata ya saa nyingi na mizigo mgongoni, vikirudiwa siku baada ya siku, huweza kutia ufa mfupa wa muundi hata wa mtu mzima. Kijana ambaye hajakomaa, tena aliyekulia katika lishe duni, yumo hatarini zaidi, na maumivu atayaficha asije akarudishwa nyumbani.

Je, daktari hawezi kuupima umri? Hawezi, kwa uhakika unaotakiwa hapa. Picha ya eksirei ya kiganja hulinganishwa na kitabu cha Greulich na Pyle, ambacho toleo lake la mwaka 1959 lingali likitumika. Picha zake zilitoka kwa watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo mjini Cleveland, Marekani. Hata huko tofauti ya mwaka mmoja au miwili kati ya mfupa na kalenda ni jambo la kawaida. Utapiamlo na maradhi ya muda mrefu huuchelewesha mfupa zaidi. Kumtazama mtu usoni ni kubahatisha tu.

Upande wa juu wa umri nao una vishawishi vyake. Mwaka 2025 Jeshi la Wananchi lilipotangaza nafasi, ukomo kwa wahitimu wa kidato cha nne na cha sita ulikuwa miaka 24, na kwa madaktari bingwa 35. Hapo mwenye miaka 26 hutamani kuipunguza. Huyo walau shinikizo la damu, sukari na moyo wake vinapimika.

Kinachobaki ni karatasi, na habari yake huku ni ya kutia moyo. Mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulianza mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mkoa wa kwanza ulikuwa Mbeya, na Msangano wakati huo ilikuwa ndani ya Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Wakubwa kabisa wa watoto wale walizaliwa mwaka 2008, nao wanatimiza miaka 18 mwaka 2026.

Kwa asiye na cheti ipo kadi ya kliniki, na rejesta ya shule ya msingi. Visipokuwepo, mhudumu aandike alichokiona: uzito, urefu, shinikizo la damu, na kwenye umri, “kwa maelezo yake mwenyewe”. Maneno hayo manne hayamfungii kijana mlango. Yanamwambia Mshauri wa Mgambo kwamba zahanati haikuuthibitisha umri huo. Kijana naye arudi nyumbani kwanza, amwombe mama afungue sanduku.