Dakika Chache na Mwanasesere

Ukitoka Kiomboi, mkoani Singida, kuelekea kaskazini mashariki unapita Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, kisha unaingia Mbulu, mkoani Manyara. Huko ndiko iliko Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Mipaka ya mikoa haiwazuii wagonjwa wake: Mnyiramba aliyepewa rufaa hujifungua wodi moja na Mwiraqw na Mdatoga. Katika wodi hiyo ya wazazi, mtafiti Estomih Mduma na Hege Ersdal, daktari wa usingizi kutoka Norway, pamoja na wenzao, walianza kuhesabu sekunde.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Yamejaa majimaji, na oksijeni humfikia kupitia kitovu. Akishatoka, pumzi chache za mwanzo ndizo zinazoyasukuma majimaji hayo na kuyafungua mapafu. Wengi huanza wenyewe kwa kilio. Wachache hutoka wamelegea, kimya. Hapo mkunga humkausha na kumsugua mgongo. Asipoitika, humwekea barakoa puani na mdomoni na kuubinya mfuko wa hewa, ule ambao wahudumu huuita ambu. Hauhitaji umeme. Unahitaji mkono usiositasita.

Waangalizi waliofunzwa kazi hiyo walifuatilia uzazi wa watoto 5,845 pale Haydom, wakiandika kila hatua ilichukua muda gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Basi wakunga wafundishwe, utasema. Walishafundishwa. Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipata mafunzo ya siku moja, na miezi saba baadaye walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini kwa watoto wenyewe, kule leba, utendaji haukubadilika. Hii ndiyo sehemu ya kazi ya watafiti hao ninayoiheshimu kuliko zote, maana wangeweza kuchapisha alama za mtihani wakaishia hapo. Sisi semina tunazijua: chai, picha ya pamoja, cheti, kila mtu kwao.

Wakageuza utaratibu. Mwanasesere akahamia wodini, na wakunga wakawa wanafanya naye mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, papo hapo kazini, wakihimizwa na wenzao waliopewa jukumu hilo. Mwanasesere huyo hujazwa maji mpaka anakuwa na uzito wa kichanga. Anayesimamia zoezi hubinya vipira vidogo: kimoja hukifanya kitovu kidunde, kingine humliza mtoto. Akiamua kutokibinya cha kilio, mkunga anabaki na mtoto aliye kimya na hana mtu wa kumuuliza. Barakoa isipokaa sawasawa hewa inavuja pembeni, kifua hakipandi, na kila aliyesimama pale anaona.

Mduma na wenzake walichapisha hesabu mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Waliosuguliwa mgongo waliongezeka, waliohitaji ambu wakapungua. Ilikuwa hospitali moja, ikilinganishwa na jana yake yenyewe, na mtu mwenye shaka ana haki ya kusema huenda kuna mengine yaliyobadilika katika kipindi hicho.

Jibu la shaka hiyo lilikuja mwaka 2025, katika jarida la tiba la New England. Safari hii zilikuwa hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza, na akina mama wapatao 280,000. Vituo viliingizwa kwenye mpango kwa zamu iliyopangwa kwa kura, vikapewa wanasesere pamoja na vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto kabla na baada ya kuzaliwa. Vifo vya watoto vinavyohusiana na uzazi vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, ingawa mikoa ilitofautiana sana. Vya akina mama vilishuka kutoka kama 240 hadi kama 60 kwa kila vizazi 100,000; mazoezi hayo yalihusu pia kutoka damu baada ya kujifungua.

Singida imepakana na baadhi ya mikoa hiyo mitano, nayo haikuwemo. Kwa mkunga wa Kiomboi sehemu kubwa ya mpango huu haina ugeni: mwanasesere, meza, na mwenzake mmoja kwenye zamu mwenye jukumu la kuwaita wengine kila wiki. Huyo wa tatu ndiye mgumu kumpata, kwa sababu kazi yake haina posho ya safari.