Mafuta ya Merigoldi na Ngozi ya Mtoto

Leo tunazungumzia mafuta ya merigoldi.

Merigoldi inayotiwa katika mafuta ya watoto ni ua la kalendula, lenye rangi ya manjano au ya machungwa. Si lile gugu la shambani lenye harufu kali ambalo pia huitwa merigoldi. Usilichemshe gugu hilo ili kumwogesha mtoto, kwani laweza kuwasha ngozi yake na kuleta vipele.

Kalendula yaweza kutuliza wekundu mdogo unaoletwa na nepi, lakini haiponyi kila upele. Kwanza, badilisha nepi mara inapolowa. Msafishe mtoto kwa maji safi, mpanguse taratibu, na umwache kidogo bila nepi ngozi ipate hewa. Ndipo umpake mafuta kidogo.

Je, mafuta ni mapya kwake? Paka tone moja mkononi mwake, ungoje saa 24. Pakiwa pekundu, usiyatumie. Usiyapake kwenye kidonda wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu ni cha dawa ya kliniki tu.

Upele ukipita siku 3 bila nafuu, huenda ni fangasi, nayo ina dawa yake. Ukiona malengelenge, usaha au joto jingi mwilini, usingoje: mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwaheri mama, hadi kipindi kijacho.