Kigogota Mdogo wa Voi: Je, Ndiye Auaye Miti?

Mtu apitaye asubuhi katika nyika ya Voi, hasa penye migunga, huweza kusikia sauti nyepesi ya kugongagonga juu ya tawi kavu, kisha kimya. Huyo ni kigogota mdogo. Wako watu wadhanio kwamba ndege huyu huua miti, na watoto humpiga kwa manati. Yafaa ajulikane vema kabla ya kuhukumiwa.

Urefu wake ni kiasi cha sentimita 14, karibu sawa na shomoro. Mgongo wake una mistari ya kukingama, na kifua chake cheupe kina michirizi myeusi. Dume ana paji la kahawia na utosi mwekundu. Jike hana wekundu kichwani. Asichanganywe na kigogota mwingine wa nyika hiyo hiyo, afikaye sentimita 20: huyo ana madoadoa kifuani, na dume wake ana mstari mwekundu shavuni.

Kigogota hashiki tawi kama ndege wengine. Vidole viwili huelekea mbele na viwili nyuma, na mkia wake mgumu humtegemeza kama mkongojo. Hugonga ili kuwafikia funza wa mbawakawa walio ndani ya mti, kisha huwatoa kwa ulimi mrefu wenye ncha ya miba. Basi wadudu hutangulia, naye hufuata. Kumlaumu kwa kufa kwa mti ni sawa na kumlaumu mganga kwa kuwa amekutwa nyumbani kwa mgonjwa.

Dume na jike huchimba tundu katika mti uliokufa, na wote wawili huatamia mayai. Wakiisha kuhama, tundu hilo huwa nyumba ya ndege wengine wasioweza kuchimba.

Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, inapakana na mji wa Voi, na humo miti mikavu huachwa. Lakini nje ya mipaka yake, kila gogo hutazamwa kuwa kuni au makaa. Mwenye shamba aachapo mti mmoja mkavu umesimama, mbali na nyumba na njia, hapotezi kitu kikubwa. Naye hupata mlinzi wa miti yake asiyedai mshahara.