Sheria nyingi au chache? Swali ni nani anaamua

Na Mwandishi Wetu

UKIPEKUA mizigo ya kijana aliyerejea nyumbani baada ya kukulia Marekani, usishangae ukikuta dadu za ajabu: moja ina pande nne, nyingine 12, nyingine 20. Usimgombeze ukidhani ni kamari. Ni dadu za mchezo wa kuigiza mezani. Mmoja huwa msimulizi, wenzake huwa mashujaa, nao hupambana na mazimwi na majoka kwa maneno tu. Panapokuwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu huamua.

Mchezo uliofungua njia hiyo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ken St. Andre, mkazi wa Phoenix, Arizona, aliposoma kanuni zake alilipenda wazo, lakini maelekezo yakamchanganya. Mwaka 1975 akatoa mchezo wake mwenyewe, Tunnels & Trolls, unaotosheka na dadu za kawaida za pande sita, kama zile za ludo.

Tangu hapo kuna kambi mbili: ya kanuni nyingi na ya kanuni chache. Dungeons & Dragons umezidi kunenepa; kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 pekee kina zaidi ya kurasa 300.

Tazama vita. Katika Tunnels & Trolls kila upande hurusha dadu zake zote na kujumlisha; wenye jumla ndogo huumia kwa kiasi cha tofauti. Katika Dungeons & Dragons kila mmoja hungoja zamu yake, hurusha dadu ya pande 20, hulinganisha na kinga ya adui, kisha hurusha tena kujua ukubwa wa jeraha.

Shimo moja, majibu mawili

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye hesabu. Chukua shujaa mwenye nguvu 12 anayetaka kuruka shimo. Kanuni za Dungeons & Dragons za 2014 zinasema akikimbia kwanza futi 10, ataruka futi 12. Msimulizi akishatamka kwamba shimo lina futi 10, hawezi tena kumzuia. Mchezaji anafungua kitabu na kuonyesha.

Katika Tunnels & Trolls msimulizi hutaja daraja la ugumu. Kwa toleo la 1979, daraja la kwanza ni 20: toa 12, mchezaji atafute nane kwa dadu mbili. Daraja la pili ni 25, atafute 13. Hapo hafiki mpaka dadu zote mbili zitoe namba sawa, arushe tena na kujumlisha. Kati ya madaraja hayo mawili, hatima ya shujaa iko mdomoni mwa msimulizi.

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hiyo. Ushuru ulioandikwa ukutani unaweza kuudai. Makadirio ya ofisa unayapokea tu. Ofisa akiwa mwungwana, makadirio huokoa muda. Asipokuwa mwungwana, unatamani karatasi. Hata hivyo karatasi nazo zina wenyewe: kanuni zikiwa nyingi, anayezijua zote huwazidi wenzake, na mgeni hubaki akiulizia kila hatua.

Lugha nayo ina uzito wake. Kijana aliyezoea Kiingereza akitaka kucheza na binamu zake wanaozungumza Kiswahili, kitabu cha kurasa 300 kinamfanya yeye peke yake kuwa hakimu, kwa kuwa ndiye anayeweza kukisoma bila shida. Kanuni chache anaweza kuzieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, na kila aliyeketi akazishika na kumsahihisha.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mkiwa ndugu mnaoaminiana, anzeni na kanuni chache na dadu za ludo. Mkiwa wageni ninyi kwa ninyi, kanuni nyingi zitawalinda, mradi zaidi ya mmoja awe amezisoma. Gharama isiwe kisingizio: tangu Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zinapatikana bure kwenye intaneti kwa leseni huria.

Kabla ya kurusha dadu, ulizaneni kwanza: tukibishana, neno la mwisho ni la nani?