Jina la Mtoa Taarifa Hulindwaje?

Ndugu wananchi wa mpakani, mwatuuliza: mtu akiripoti wizi wa ng'ombe, ni nani atakayeliona jina lake?

Orodha ya mifugo iliyoibwa huwekwa katika lahajedwali moja linalosomwa na vituo vya pande zote mbili za mpaka: rangi, chapa, mahali na tarehe ya wizi. Wengi huruhusiwa kusoma. Kuandika ni kwa wachache, kila mmoja kwa nywila yake.

Jina la mtoa taarifa halimo humo kabisa. Kulificha katika safu isiyoonekana hakutoshi, kwani mwenye nakala aweza kuifunua. Hivyo twaliweka katika faili nyingine, na katika orodha hubaki namba tu.

Basi mkiripoti, ombeni namba hiyo. Ndiyo itakayowatambulisha mjapo kufuatilia.