Tarakilishi Yasingiziwa

Katika nyumba nyingi za Kahawa Sukari, tokeni za umeme zinapokwisha kabla ya wakati, mshitakiwa wa kwanza huwa ni tarakilishi. Binti huamrishwa aizime hali ya kuwa kazi ya skuli haijakamilika, na kaka yake hulaumiwa kwa kukesha na mashine. Sisi tunaopenda kuzichokonoa mashine hizi saa za faragha, baada ya darsa, twaona kesi hii imehukumiwa bila ya ushahidi.

Natuhesabu. Yuniti moja tunayoinunua ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Kipakatalishi cha kawaida hula wati 50 hivi, pengine chini yake. Basi yuniti moja hukitosha saa 20. Hita ya shawa, ambayo sisi watu wa pwani tuliohamia huku bara huikimbilia kila ifikapo baridi ya Julai, hula kiasi cha wati 5,000, na yuniti ile ile huimaliza kwa dakika 12. Watoto wanne wakioga asubuhi, kila mmoja dakika 6, zimekwenda yuniti 2: saa 40 za binti na masomo yake. Pasi na birika la umeme nazo zimo katika kundi la hita. Ajabu ni kwamba kule Olkaria, karibu na Naivasha, joto la ardhini hugeuzwa umeme tangu 1981, nasi twaugeuza kuwa joto tena bafuni.

Hata hivyo tarakilishi zote si sawa. Ile ya mezani ya zamani, yenye kioo kinene, yaweza kufikia wati 200, na kuiacha ikiwaka usiku kucha bila ya mtu mbele yake ni israfu isiyo na mjadala. Tena umeme ukikatika huzimika papo hapo na kazi ikapotea. Mzazi anayenunua leo twampendekezea kipakatalishi, hata kiwe cha mtumba, maadamu betri imejaribiwa dukani kwa kuchomolewa waya.

Mama asiyetuamini na aiendee mita. Mna kijitaa kinachopepesa kwa kadiri ya umeme upitao. Azime vyote, awashe kipakatalishi peke yake, kisha asubiri. Huenda akachoka kabla ya kuuona mpepeso wa pili. Halafu amwambie mtoto afungulie maji ya moto, naye asibanduke pale kwenye mita.